Mikro chini ya insigne

Mambo ya Sikuli yaliharibika siku ya ijumaa, tarehe ishirini ya mwezi wa tano, mwaka wa 1988, sikukuu ya chama, saa nne na nusu asubuhi, wakati Direkteri Murhula alipovuta pumzi ili aanze hotuba yake. Watu waliojaa kwenye uwanja wa kiwanda chake cha kahawa hawakusikia kitu. Sikuli mwenyewe, aliyesimama karibu na kamera kama mtu wa sauti, hakusikia kitu. Bendera zilipepea, wanawake wa kuchambua kahawa walikuwa wamepangwa mistari na vitenge vya chama, jua lilikuwa zuri. Lakini ndani ya kaseti ubaya ulikuwa umekwisha kuingia, na ulikuwa unaendelea kuingia.

Sikuli alikuwa fundi wa redio katika kartie ya Mapendo, mjini Goma. Shule aliiachia mwaka wa nne wa primeri, lakini redio ikikohoa alikwambia ugonjwa wake kabla ya kuifungua. Mke wake Wivine alizoea kumcheka: “Weye unasikia redio za batu kuliko unanisikia miye.” Wivine alikufa miaka mitatu nyuma, katika dispanseri ya kiwanda hichohicho, siku moja ambapo mashine ya umeme ilikuwa imebebwa kwenda kuendesha vipaza sauti vya karamu. Tangu hapo Sikuli hakumsamehe mkubwa yeyote, wa karibu wala wa mbali. Walipomwita kazini alienda tu, maana kukataa wito wa Direkteri kulikuwa ni kujitafutia maneno. Tena alikuwa na binti mmoja wa kuoza, Lucie, na wakwe kutoka Butembo walikuwa wamepangiwa kufika jumapili ile. Mama hayupo, ndugu za baba wote wako Lubero. Wakwe wangepokelewa na Sikuli au wasipokelewe na mtu.

Direkteri alikuwa amepata kamera ya video kwa njia ya Bunagana, ndani ya lori lililopeleka kahawa Uganda, na pamoja nayo sanduku lenye mikro tatu za kunasia sauti. Ya kwanza ilikuwa imeshikana na kamera, kama jicho la tatu kwenye paji la uso. Ya pili ilikuwa ya kushika mkononi, nzito, kichwa chake kama yai la chuma lililotobolewa matundu. Ya tatu ilikuwa ndogo kama punje ya haragwe, ina kibano cha kuivalisha kwenye nguo.

Jumatano Sikuli alizijaribu zote. Alirudi nyuma, akasogea mbele, akasema “moja, mbili, moja, mbili” mpaka zamu, mlinzi wa kiwanda, akamuuliza kama tatu bado haijafika. Alipomaliza alikwenda kumweleza Direkteri.

“Hii ya kamera inasikia kamera. Inasikia kaseti inavyozunguka, inasikia kidole cha Evariste akiishika, inasikia upepo wa ziwa. Weye utakuwa kule mbali, itakusikia kama mutu anaita kutoka ng'ambo. Hii ndogo inasikia nguo. Ukigeuka tu, nguo inaanza kusema mbele yako. Hii kubwa njo nzuri, Direkteri. Tutaisimamisha kwa fimbo yake mbele ya mdomo, kiganja kimoja. Inasikia kile kiko mbele yake tu. Nyuma yake hata mbuzi alie, hana habari.”

Direkteri aliigeuza ile kubwa kwa vidole viwili, kama mtu anayeangalia samaki wa jana.

“Hii kama ya padri kanisani? Itanificha uso. Tena baimbaji ba bar njo banashika kitu kama hii. Kule Kinshasa, kwa televisheni, bakubwa banavaa ndogo.”

“Kule bako ndani ya nyumba, Direkteri. Hakuna upepo.”

“Citoyen Sikuli, weye ulifika Kinshasa?”

“Hapana.”

“Basi.”

Na hilo “basi” ndilo elimu yote ya wakubwa. Mtu hajawahi kushika waya maisha yake, lakini amepanda ndege, kwa hiyo anajua waya.

Ijumaa asubuhi walimvalisha hiyo ndogo. Evariste, mpiga picha, ambaye kwenye karatasi za serikali alikuwa na jina lingine kwa sababu majina ya ubatizo yalikatazwa, ndiye aliyeshika kibano. Akatafuta mahali. Abakosti, ile suti ya wakubwa wa chama, haina tai ya kubania kitu. Upande wa kushoto wa kifua palikuwa na insigne ya chama, kile kidude cha chuma chenye sura ya Guide, yaani Rais, ambacho hakuna mkubwa angetoka nyumbani bila kukivaa.

“Tuiweke upande wa kuume,” alisema Sikuli. “Mbali na ile chuma.”

Direkteri alirudi hatua moja. “Mstari mmoja na sura ya Guide? Ili batu baseme nimeweka haragwe sawa na Rais?”

“Basi juu kidogo, karibu na kola.”

“Juu ya Guide! Evariste, unasikia huyu muzee?”

Evariste alisikia, akabana ile mikro palipobaki: chini ya insigne, karibu sana, kama mtoto aliyejificha chini ya meza.

Sikuli alijua kwamba hapo pana jambo. Lakini alikuwa na kofia ya masikioni, ile ya kusikilizia sauti inayoingia, na alijisemea moyoni: likianza kugonga nitasikia, nitampa Evariste ishara, tutasimamisha. Wimbo wa taifa ukapigwa. Mwanamume mmoja wa itifaki, mwenye fimbo nyembamba, akaja mbio akamwonyesha kichwa. Watu wote wamevua kofia, yeye amevaa nini? Sikuli akavua. Wimbo ukaisha, akainua mikono ili avae tena, na yule mwenye fimbo akatikisa kichwa polepole. Mbele ya wageni wa chama hakuna mtu wa kukaa amefunika masikio, kana kwamba hotuba inamuumiza. Hivyo Sikuli akasimama saa nzima mikono nyuma, kofia ya masikioni inaning'inia mkononi, mtu wa sauti asiyesikia sauti anayoichukua.

Jioni ileile, nyumbani kwa Direkteri kule Himbi, kaseti iliwekwa mbele ya wageni. Kulikuwa na kuku, bia baridi, viti vya kuzama. Picha ilitoka safi. Halafu Direkteri wa ndani ya televisheni akavuta pumzi, akapanua kifua, akatamka jina la Guide.

Ko!

Akatamka tena. Ko, ko! Kila alipolitaja lile jina alikuwa na desturi ya kupanua kifua, na kila alipopanua kifua ile insigne iliinama ikagonga kichwa cha mikro. Maneno mengine yote yalipita salama. Ilikuwa kama kuna mtu nyuma ya ukuta anagonga kwa hasira kila jina lile linapotajwa, anasema imetosha.

Mke wa mgeni mmoja akacheka, akaziba mdomo. Mgeni mkubwa, mwanamume kutoka Kinshasa mwenye sauti ya taratibu, aliweka mfupa wa kuku kwenye sahani.

“Citoyen Direkteri,” alisema, “nani huyo anagonga?”

“Ni... ni mambo ya ufundi.”

“Ah. Ufundi unachagua jina la kugonga?” Akafuta vidole kimoja kimoja. “Kaseti itapanda ndege ya jumatatu pamoja nami. Nataka iwe safi. Na nataka karatasi. Sababu ya makelele, na saini mbili, yako na ya fundi.”

Hawakumpiga Sikuli. Hilo wangesema baadaye kama kitu cha kujisifu. Walimpeleka tu kwenye depo nyuma ya nyumba, chumba cha mawe meusi kilichojaa magunia ya kahawa mpaka karibu na bati, dirisha moja lenye vyuma, na zamu wa nyumba akafunga kwa nje.

“Hadi lini?” aliuliza Sikuli kupitia mlango.

“Hadi kaseti itakuwa safi,” alisema zamu. “Usinikasirikie, papa. Ufunguo ni wa miye, lakini mulango ni wa Direkteri.”

Jumamosi asubuhi Evariste alimletea bugali na sambaza, vidagaa vya ziwa, kwenye sahani iliyofunikwa. Alikaa juu ya gunia, akamwangalia anavyokula.

“Muzee, batu banasema weye ulifanya kusudi. Kwa sababu ya mama Wivine.”

Sikuli aliacha kutafuna. “Weye njo uliibana ile mikro.”

“Mikono ilikuwa ya miye. Akili ilikuwa ya nani?”

“Ya bakubwa.”

“Basi nyamaza hapo hapo. Ukisema ilikuwa insigne, umesema nini? Umesema sura ya Guide njo iliharibu hotuba ya Guide. Kwa neno hiyo hata mulango kama huu hautoshi.”

“Na nikinyamaza?”

“Ukinyamaza, ni weye uliharibu.”

Sikuli alisukuma sahani. Alizunguka katika ile nafasi iliyobaki kati ya magunia, hatua nne kwenda, hatua nne kurudi. Kesho saa sita wakwe wangekuwa Mapendo na mbuzi wao, wamekaa kwenye viti vya kuazima, wanauliza baba yuko wapi. Alisimama, akapiga makofi mara moja. Pa. Akasikiliza. Akapiga tena, kichwa kimeinama, na kwa mara ya kwanza tangu ijumaa uso wake ukalegea kidogo.

“Evariste. Ile mashine ya kuchezesha kaseti, iko na kile kifungo cha kuweka sauti mpya juu ya picha ya zamani?”

“Iko nacho.”

“Mwite Direkteri. Mwambie aje na karatasi ya hotuba yake.”

Direkteri alifika amevaa abakosti ileile, insigne mahali pake. Sikuli alimweleza: tutacheza picha bila sauti, weye utaangalia mdomo wako na kusema tena, sauti mpya itafuta ile ya kwanza yote pamoja na kugonga kwake.

“Sawa. Twende salon, kwa televisheni.”

“Salon iko na ukuta mutupu na vioo. Sauti inaruka kama mupira. Piga makofi hapa, Direkteri. Umesikia? Imekufa palepale. Kahawa inameza. Goma nzima hautapata chumba cha sauti kama hii jela yako.”

Direkteri hakulipenda neno hilo, lakini alipiga makofi, akasikia.

Basi televisheni ikaletwa, na mashine ya kaseti, na sanduku la mikro. Mlango ukafungwa kwa sababu ya upepo wa ziwa, zamu akauegemea kwa nje, na sasa waliokuwa wamefungiwa walikuwa watatu. Direkteri alianza kutoka jasho. Akapeleka mkono kwenye ile ndogo.

“Hii njo ilinigharimu kuliko zote.”

Sikuli aliangalia chini. “Ukitaka hiyo, Direkteri, inabidi kutoa insigne kidogo. Nusu saa tu. Ni sauti peke yake, hakuna picha, hakuna mutu anaona.”

Evariste akawa na kazi kubwa ya kuangalia bati. Direkteri aliweka kiganja juu ya ile chuma kifuani, kama mtu anayemziba mtoto masikio.

“Hiyo neno hukuisema,” alisema kwa sauti ndogo. “Na miye sikuisikia. Evariste, weye ulisikia?”

“Miye nasikia mupanya kwa dari, Direkteri.”

Sikuli alimwangalia yule mtu mnene, mwenye nyumba kando ya ziwa na malori mawili, anaogopa kidude cha chuma ndani ya depo yake mwenyewe, mlango umefungwa. Alitaka kumcheka. Hakuweza, maana hofu ile ilikuwa ndiyo inayomfunga yeye pia.

“Basi tutumie ile ya padri,” alisema.

Aliisimamisha kati ya magunia mawili, akaivalisha soksi yake mwenyewe ya kulia ili pumzi isiipige, akapima kiganja kimoja kutoka mdomo wa Direkteri, halafu akaigeuza kidogo pembeni ili herufi kali zisiirukie. Akavaa kofia ya masikioni. Hapa hapakuwa na wimbo wa taifa.

“Panua kifua mara mingi unavyotaka,” alisema. “Chuma iko chini, hii mikro inasikia mdomo tu.”

Mara ya kwanza Direkteri alisoma haraka kuliko mdomo wake wa ijumaa. Mara ya pili alikohoa. Mara ya tatu ilitoka vizuri, lakini palipokuwa na makofi ya watu mia tano pakawa kimya, mikono mingi inapigana kwenye picha bila sauti, kama watu wanaofukuza mbu. Wakamwita mpishi, mama wa kufua, na zamu mwenyewe. Sikuli akawapanga nyuma ya mgongo wa Direkteri, mbele ya mikro lakini mbali, mpaka ukutani.

“Nikiinua mkono, pigeni kama muko mia tano.”

“Miye nitakuwa mia mbili,” alisema mama wa kufua. “Huyu mpishi mvivu, yeye awe hamsini.”

“Ulimi wako peke yake ni mia tatu, mama!”

Hata Direkteri akacheka. Ilikuwa karibu jioni walipomaliza, na waliposikiliza kaseti tangu mwanzo hakuna ko hata moja. Ilikuwa sauti nzuri kuliko hotuba yenyewe. Direkteri alimshika Sikuli bega.

“Papa Sikuli! Kumbe uko na akili.”

Jumatano alikuwa Citoyen, raia kama wote, sasa alikuwa papa, baba wa kuheshimiwa. Sikuli alichukua soksi yake, akavaa kiatu, akaelekea mlangoni. Zamu alisimama katikati.

“Bado karatasi,” alisema Direkteri, bila kumwangalia. “Kesho asubuhi.”

Na jumapili asubuhi zilipita kengele za misa zote mbili kabla Direkteri hajaja. Alikuja na kalamu na karatasi moja iliyopigwa kwa mashine, yenye muhuri, na uso wa mtu ambaye hakulala. Juu paliandikwa vizuri siku, mahali, majina. Katikati paliandikwa kwa Kifaransa: sababu ya makelele. Baada ya hapo, vitone, mstari mzima.

“Kaseti si ni safi?” aliuliza Sikuli. “Makelele gani tena?”

“Wageni ba chama balisikia ijumaa. Masikio yao siwezi kuyafuta na kifungo.”

Zamu aliingiza kichwa mlangoni. “Direkteri, samahani. Iko mutoto mwanamuke kwa lango, anaitwa Lucie. Anasema wageni ba Butembo bamefika. Bamekaa. Mbuzi zimefungwa. Banauliza.”

Sikuli aliitwaa kalamu. “Niandike ni miye. Fundi alikosa. Niende.”

“Nayo nilifikiri usiku mzima,” alisema Direkteri, na akakaa juu ya gunia. “Nikiandika ni mutu aligonga jina la Guide, watauliza nani alimuchagua. Halafu watauliza kuhusu mke wako. Watauliza mashine ya umeme ilikuwa wapi siku ile.”

Ilikuwa mara ya kwanza mkubwa yule kuitaja ile mashine. Aliitaja akiangalia sakafu, kwa ajili ya ngozi yake mwenyewe, na Sikuli akahisi kalamu inakuwa nzito.

“Basi andika ni mikro.”

“Nani aliichagua?”

“Andika upepo.”

“Wale wageni walitoa nakala ya kaseti ya ijumaa, Evariste ameniambia leo. Wataisikiliza. Upepo unapiga nguo, haupigi chuma. Weye mwenyewe ulinifundisha.”

“Direkteri, fungua mulango. Nipokee wageni ba mutoto wangu, nitarudi kwa miguu yangu.”

“Ukitoka bila saini, kesho miye njo nitakaa hapa.”

Kule langoni sauti ya Lucie ilisikika, inamsihi zamu, kisha ikanyamaza. Upepo wa ziwa ulisukuma mlango, mlango ukagota kwenye komeo. Sikuli aliinama juu ya karatasi. Alikuwa anajua kusoma polepole, na alikisoma kile kistari cha vitone mara mbili, kana kwamba jibu limeandikwa chini yake kwa penseli. Akainua kichwa, akaangalia ile chuma iliyong'aa kifuani mwa Direkteri, ambayo hata leo ilikuwa imepanguswa vumbi, akairudisha kalamu katikati yao, juu ya gunia.

“Si miye, si weye, si mikro, si upepo,” alisema. “Na batu bote balisikia chuma. Sasa, Direkteri, kama katika nchi nzima hakuna mutu mwenye ruhusa ya kuitaja ile chuma, tuandike nini iligonga?”